Karata Isiyotajwa

Wahenga walisema, usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Walikuwa na maana kwamba jambo lisipotimia bado si jambo, na anayelingojea asilishangilie mapema, wala asililie mapema. Watu wengi huishika ile nusu ya kushangilia na kuisahau ile ya kulia. Hiki ni kisa cha mafundi wanne walioipata methali hiyo yote, nusu zote mbili, katika Jumapili moja, juu ya meza ya kukatia nguo. Waliokuwepo siku ile, mpaka leo wakikisimulia hushika kichwa.

Mafundi hao walipanga katika nyumba moja ndefu yenye ujia katikati na vyumba vitano vya kazi. Vinne vilikuwa nyuma, vyenye giza, ambamo taa huwaka hata adhuhuri. Cha tano kilikuwa mbele, kikitazama barabara kwa dirisha pana kuliko mlango. Humo alikuwa mpiga picha, mama mtu mzima, kwa miaka ishirini, hadi alipofungasha kamera zake akaenda kuishi na bintiye. Hata vumbi lake halijatulia, kila mmoja wa wale wanne alikuwa amekwisha kukitamani chumba hicho.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisimama kwenye ujia, funguo mkononi, akasema, "Kodi ni ileile. Nileteeni jina moja mwisho wa mwezi. Mkileta mawili, nampa mgeni." Akaenda zake.

Basi jamani, wiki ile nyumba haikukalika! Kinyozi, waliyemwita Wembe, alikitaka kwa sababu mteja hupenda kuonekana akinyolewa. Mama Pindo, fundi cherehani, alitaka pa kutundikia magauni yapigwe na macho ya wapita njia. Fundi redio, kijana wa miaka arobaini aliyeitwa Waya, alitaka spika zake zisikike hadi njia panda. Huyo Waya alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukujua likizo.

Wa nne alikuwa fundi saa, mzee mpole, mwembamba, aliyepewa jina la Dakika kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote tangu wamjue. Yeye alipoulizwa sababu yake alijibu kwa maneno mawili tu.

"Nataka dirisha."

Hakuna aliyemuuliza zaidi, naye alishukuru. Kwani ukweli alikuwa ameuficha kama jino bovu. Miezi minne iliyopita daktari alimmulika machoni, akamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dawa yake ni kupasuliwa, na zamu yake ingefika baada ya miezi saba. "Mpaka siku hiyo," daktari alimwambia, "fanya kazi penye mwanga wa kutosha, la sivyo pumzika." Apumzike! Angekula nini? Chini ya taa ya chumba chake, gurudumu dogo la saa lilikuwa limeanza kumwonekea kama tone la uji. Kwenye mlango wa mpiga picha, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani, aliwahi kusimama na saa mkononi, akaona kila jino la kila gurudumu. Nusura alie. Mkewe, aliyekuwa peke yake katika siri hiyo, alimsihi, "Waambie wenzako, watakuachia." Naye akamjibu, "Nikiwaambia, kesho mtaa mzima utajua. Na nani atampa saa yake fundi asiyeona?"

Walibishana siku saba. Siku ya nane Wembe akasema, "Tunachezea chai kila Jumapili. Kwa nini tusikichezee chumba?"

Walitazamana. Ilikuwa kweli kwamba kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa kuizunguka meza ya Mama Pindo wakacheza karata kwa vifungo vya nguo, na aliyefilisika huwanunulia wenzake chai. Miaka miwili hawajagombana kwa karata hata mara moja. Wakakubali. Kila mtu vifungo mia moja, atakayezoa vyote mia nne ndiye mwenye dirisha, na atakayenuna baadaye si mwenzao tena.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza, ingawa ni mgumu kuucheza. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha katikati ya meza huwekwa karata tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua watu huweka vifungo. Asiyeipenda hali yake hufunika karata zake na kujitoa, na mwenye moyo anaweza kusukuma vifungo vyake vyote kwa mara moja, hakuna wa kumzuia. Mwenye tano bora, akichanganya zake na za meza, ndiye anayezoa. Karata tano za aina moja, kopa tupu au pau tupu, wao waliziita ukoo, na ukoo ulizipiga jozi zote na hata tatu za kufanana. Lakini ukiwa nazo nne unaingoja ya tano, huna ukoo bado. Una matumaini, na matumaini peke yake hupigwa hata na jozi ya mbilimbili.

Meza ile ilikuwa na desturi zake. Mgawaji hutaja kwa sauti kila karata anayoiweka. Aliyefilisika hana mdomo, haruhusiwi kusema neno mpaka mkono, yaani mzunguko ule wa karata, uishe. Mama Pindo, kwa kujijua, akitoka hujibana pini midomoni asije akaropoka. Na ya mwisho: kauli ndiyo karata. Anayefunua hutangaza kwanza alichonacho, na akitangaza kisicho chake ameshindwa, hata kama karata zake ni nzuri. Anayejiona ameshindwa huzisukuma karata zake kifudifudi kwenye lundo la karata zilizotupwa, na zikigusa lundo zimekufa. Desturi hiyo ya kwanza, ya kutaja, ndiyo iliyokuwa fimbo ya Dakika kwa miezi minne, wenzake wasijue. Karata zake mbili alizisogeza karibu na pua akijifanya anajikuna. Za mezani alizisikia.

Jumamosi, siku moja kabla ya mchezo, Waya aliingia chumba cha mbele na utepe, akapima chini ya dirisha, ukuta hadi ukuta. Jioni seremala akamletea mbao mbili nene zilizopigwa randa, zimekatwa kwa kipimo hicho hicho. Akaziegemeza kwenye ujia kila mtu azione. Kisha akamfuata Mama Pindo.

"Mama Pindo, nishonee pazia la dirisha la mbele. La buluu."

"La nani?"

"Langu, la nani mwingine? Hivi mnadhani mtanishinda?"

Mama Pindo hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mwanangu, mimi nina miaka thelathini katika kazi hii. Wajawazito wangapi wamekuja hapa na kitambaa cha mbeleko? Huwa nawaambia, kiache hapo kabatini, nenda kazae salama, ukirudi na mtoto mgongoni nitakikata. Sikati kabla. Nenda na pazia lako."

Waya akacheka hadi akapaliwa.

Jumapili ikafika. Meza waliiburuta hadi kwenye ujia, mkabala na mlango wa chumba cha mbele, kusudi kiwe kinawatazama. Tangu mwanzo Waya alicheza kama mtu aliyekwisha hamia. Alikuwa na tabia moja iliyojulikana: hakuwahi kufunika karata kwa kuogopa. Ukimwekea vifungo, anakuja. Ukimtisha, anakuja. Watu wa meza ndogo ndivyo walivyo, kila mmoja anataka kuona mwisho, na Waya alikuwa mfalme wao. Siku hiyo karata nazo zilimpenda, na vifungo vikamfuata.

Wa kwanza kutoka alikuwa Wembe, na kutoka kwake kulikuwa funzo. Alikuwa na sita na saba za pau, akaingoja pau ya tano kwa roho yake yote, ikaja. Akaruka kutoka kitini na kusukuma kila alichokuwa nacho. "Ukoo!" Mama Pindo naye akasema taratibu, "Ukoo. Wa mfalme." Akafunua mfalme wa pau. Kumbe wote wawili walikuwa wakiingoja karata ileile, na ukoo wenye kichwa kikubwa huumeza mdogo. Wembe alibaki amesimama, mikono bado iko hewani.

"Ukifukuzia ukoo, baba," Mama Pindo akamwambia akivizoa vifungo, "fukuzia wenye kichwa."

Wembe akawa mgawaji. Saa moja baadaye Mama Pindo naye akaangukia mikononi mwa Waya, jozi mbili zake zikipigwa na kumi tatu. Akavisukuma vifungo vyake bila neno, akachukua pini tano, akazibana midomoni, akakaa kando ya Dakika.

Na Dakika je? Muda wote huo Dakika alikuwa akifunika. Alifunika mbili na saba, alifunika nne na tisa, alifunika hata mfalme alipomwona amezungukwa vibaya. Waya akamtania, "Mzee wangu, umekuja kucheza au kulinda meza?" Dakika alitabasamu tu. Lakini kila alipoingia, aliingia na kitu, na alipotoka alitoka na vifungo. Kidogo kidogo, bila kelele, lundo lake likapanda. Saa kumi alasiri Mama Pindo aliwahesabia: Waya mia mbili na viwili, Dakika mia moja tisini na vinane. Vifungo vinne tu kati yao! Waya aliyatazama yale malundo mawili kama mtu anayetazama chungu kilichopungua bila kuona aliyekula.

Mwanga ulikuwa umeanza kulegea kwenye ujia. Dakika alilihisi hilo kabla ya wengine wote. Karata za meza zilikuwa zimegeuka mabaka, nyekundu na nyeusi tu, maumbo yamefifia. Akajiambia, vita hivi vikiendelea saa moja zaidi, nimekwisha.

Wembe akagawa. Dakika akajikuna pua. Karata ya kwanza: ree ya kopa, kubwa kuliko zote. Ya pili: ghulamu wa kopa.  Mama Pindo, kwa pale alipokaa, aliziona zote mbili, akatazama dari.

Waya akaweka vifungo kumi. Dakika akaweka kumi.

"Kumi ya kopa!" Wembe akatangaza akiweka. "Sita ya pau! Mbili ya kopa!"

Kopa mbili mkononi, kopa mbili mezani. Nne. Ilibaki moja, na kichwa cha ukoo wake kingekuwa ree, asingekuwepo wa kuumeza. Waya akasukuma vifungo arobaini, haraka, kwa kishindo, kama mwenye jozi kubwa.

Dakika alifumba macho. Ndani ya kichwa chake kila kitu kilikuwa wazi, wazi kuliko saa yoyote aliyoifungua mwaka ule. Kopa ziko kumi na tatu. Nne anazijua ziliko. Tisa ziko mahali, ndani ya pakiti ile mkononi mwa kinyozi. Ziko ree nyingine tatu, ambazo pia zingeweza kumwokoa. Karata kumi na mbili rafiki, na nafasi mbili za kuletewa mmoja wao. Haikuwa nusu kwa nusu, lakini ilikuwa jirani yake. Na kuna mlango wa pili: akisukuma vyote sasa, huenda Waya akaogopa, na karata isihitajike tena. Mlango huo wa pili, kwa Waya, ulikuwa umefungwa na kuwekwa kufuli. Dakika alilijua hilo. Lakini kwenda polepole maana yake ni kuamua tena baada ya karata ya nne, na tena baada ya ya tano, kwa macho yaliyokuwa yakimuaga. Mkono wenye nguvu hivi usingekuja tena kabla ya giza. Kama ni kuogopa, alishaogopa miezi minne.

"Vyote," akasema.

Akavisukuma vifungo vyake mia moja themanini na vinane vilivyobaki, kwa mikono miwili, vikajimwaga katikati ya meza na vingine vikabingirika mpaka kwenye kiwiko cha Wembe. Jamani, mzee aliyekuwa akifunika tangu adhuhuri! Wembe alitoa macho. Hata Waya alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Akazitazama tena karata zake mbili. "Nakuja," akasema.

Sasa hapakuwa na la kuamua tena. Watu wazima wanne, mmoja wao na pini mdomoni, waliutazama mkono wa kinyozi kama watoto wanaotazama kifaranga kikitoboa yai.

"Tisa ya shupaza!" Nyeusi. Haikumsaidia mtu.

Ilibaki moja. Wembe aliufuta mkono wake kwenye suruali. Akaivuta karata ya mwisho, akaigeuza, akaiweka. Mdomo wake ukafunguka kuitaja. Sauti haikutoka. Alikuwa amepigwa na butwaa kwa ukubwa wa jambo lenyewe, kwamba kipande kile cha karatasi ndicho kimekwisha kumpa mtu dirisha na kumnyima mwingine, akasahau kabisa kazi yake.

Dakika akangoja sauti. Haikuja.

Akatazama. Nyekundu, hilo aliliona. Lakini nyekundu ziko mbili: kopa, iliyo kama moyo, na uru, iliyo kama kitumbua kilichobanwa pembe nne. Alikaza macho. Ilikuwa kopa. Akapepesa. Ilikuwa uru. Ikawa kopa tena, ikavia, ikawa doa la damu kwenye kitambaa. Ee Mungu wangu! Chumba, kazi, chakula cha nyumbani kwake kwa miezi mitatu iliyobaki, vyote viko pale umbali wa mkono mmoja, naye havioni!

Angeuliza? Fundi saa anauliza kama ile ni kopa au uru, mbele ya kinyozi, ambaye hunyoa mtaa mzima na kuusimulia mtaa mzima? Angefunua na kutangaza? Atangaze nini? Akisema ukoo na ile ni uru, ameaibika na ameshindwa. Akainua uso amtazame Waya, akauona mwanga wa meno: Waya anatabasamu. Basi, ni uru, Dakika akajiambia. Ingekuwa kopa asingecheka hivyo. Hakufikiri kwamba Waya alikuwa hajui ni nini kimelala chini ya vidole vya mzee, na kwamba Waya hutabasamu hata akiwa hospitali.

 Dakika akaona asubuhi ya kesho, na taa yake ya manjano, na mteja wa kwanza atakayegundua. Akazika kabla ya kufa mtu. "Haya," akasema kwa sauti ndogo, akaanza kuzisukuma karata zake kifudifudi kuelekea lundo.

Ndipo pini zikaanguka.

Zilianguka kutoka midomoni mwa Mama Pindo, moja, mbili, tano, zikalia juu ya meza. Hakusema neno, sheria ni sheria, na aliitunga yeye. Lakini mdomo ulikuwa wazi na machozi yalikuwa yamemsimama. Waya alizisikia zile pini. Akamtazama Mama Pindo. Akaitazama karata ya tano. Akamtazama mzee, macho yake yaliyokunjwa, shingo iliyonyooka kuelekea kwa kinyozi kama ya mtu anayesikiliza redio mbovu. Tabasamu likamtoka usoni polepole, na uso uliobaki wenzake hawakuwahi kuuona. Karata za Dakika zilikuwa zimebakiza upana wa vidole viwili kulifikia lundo.

Mkono wa Waya ukashuka juu ya lundo, kiganja wazi, ukalifunika.

"Ngoja, mzee wangu."

"Niache, bwana mdogo. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Wembe, hujataja."

Wembe alishtuka kama aliyeamshwa. "Nini?"

"Karata. Hujaitaja."

"Si mnaiona wote?"

"Nimesema itaje!" Waya alipiga meza, vifungo vikaruka. "Kwenye meza hii karata haijawa karata mpaka itajwe. Ndiyo desturi yetu, au siyo?"

Wembe akainama juu ya karata. "Tano," akasema. "Tano ya kopa."

 Mikono ya Dakika ilisimama pale pale ilipo.  Kisha akazirudisha karata zake, taratibu, kwa kidole kimoja, kama anayerudisha kitu cha mtu.

"Ukoo," akasema. "Wa ree."

Akafunua. Ree ya kopa, ghulamu wa kopa, na kumi, na tano, na mbili, zote nyekundu, zote mioyo. Waya akafunua za kwake bila kuombwa: wafalme wawili, weusi. Alikuwa ametangulia tangu karata ya kwanza hadi ya nne, na kutangulia si kufika.

Waya akatazama kilichobaki mbele yake. Vifungo vinne. Akavichezesha kiganjani, akavisukuma kwa mzee. "Chukua na hivi. Havitoshi hata shati la mtoto."

Dakika hakuvigusa. Machozi yalikuwa yakimshuka na wala hakuyafuta. "Sikuiona," akasema. "Wenzangu, sikuiona ile karata. Sioni vizuri. Ni miezi minne sasa." Akawaeleza yote, mtoto wa jicho, zamu yake, taa, dirisha. Kinyozi alisikiliza akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kumbe!" Wembe akasema mwisho. "Juzi nilikupungia mkono ng'ambo ya barabara, ukanipita kama nguzo. Nikamwambia mke wangu, Dakika siku hizi anaringa!"

Walicheka, wakalia, wakacheka tena, na Mama Pindo akaapa kwamba atakayelitoa neno hili nje ya ujia ule atamshona mdomo kwa mashine. Alimtazama Wembe alipokuwa akisema. Wembe akaapa mara tatu. Walipogeuka kumtafuta Waya, hakuwepo.

Asubuhi ya Jumatatu Dakika alifika saa moja kamili kama ilivyo ada, akasikia nyundo. Chumba cha mbele kilikuwa wazi. Waya alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, misumari mdomoni, akizigongomea zile mbao zake mbili ukuta hadi ukuta. Zilikaa sawasawa, zimeshikamana na ukuta, meza ya kazi ndefu ambayo fundi saa yeyote angeiota.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mbao zimekatwa kwa kipimo cha chumba hiki. Kwangu haziingii." Waya hakugeuka. "Nizitupe?"

Dakika akasimama mlangoni. Kuna swali lililomnyima usingizi. "Jana ulijua?"

Nyundo ikanyamaza. "Nilijua karata niliposikia pini. Macho niliyajua zamani. Mwezi uliopita ulinirudishia saa ya mke wangu, mshale wa dakika umeuweka mgongo juu. Nikasema, haiwezekani, huyu mzee hajawahi kukosea."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nikutangaze?" Waya akatoa msumari mdomoni. "Chumba nilikitaka, mzee wangu, sikufichi. Jana nilikitaka mpaka mwisho. Lakini nipewe na karata. Kupewa na macho yako, ningelala vipi humu?"

Dakika akaingia, akaipapasa ile meza. Aliwahi kuona ndani ya saa za matajiri, vito vidogo kama mbegu za ufuta vikibeba magurudumu usiku na mchana bila kusikika, na kila mara alistaajabu. Lakini kustaajabu kama kwa asubuhi ile, mbele ya mgongo wa fundi redio mwenye domo, hakuwahi.

"Iko wapi saa ya mkeo?" akauliza.

Waya akaitoa mfukoni, alikuja nayo. Mzee akakaa kwenye meza mpya, akaweka kioo chake jichoni. Jua lilikuwa linapanda juu ya paa za ng'ambo, likaingia dirishani lote kwa pamoja, likaijaza saa. Na alipoifungua, aliona: kila jino, kila kito, na ule mshale wake wa aibu umelala kifudifudi. Akaung'oa kwa kibano, akaugeuza, akaurudisha. 

"Unaona?" Waya akanong'ona nyuma yake.

"Naona, mwanangu. Naona kila kitu."

Mama Pindo alikuwa mlangoni, utepe shingoni. Alikuwa amekuja kupima pazia. "Sasa nitakata," akasema, akimpita Waya na kumgonga bega. "Nyinyi wawili mna kichaa kimoja. Mmoja alikata mbao za furaha, mwingine akataka kukata sanda, na kinyozi hata hajafungua mdomo!" Waya akacheka kicheko chake kile kile, kikafika hadi njia panda bila spika. Wembe alikuja mbio kuuliza kuna nini, Dakika akamwonyesha kifungo kimoja cha jana kilichokuwa bado kimenasa kwenye mkunjo wa mkono wa shati lake Wembe, wote wakamcheka. Na kuanzia siku hiyo, kila anayeingia kwenye nyumba ile akijisifu kwa lisilotimia, au akililia, huonyeshwa ile meza ya mbao mbili chini ya dirisha, akaambiwa: usikate mbeleko na mwana hajazaliwa.